Kobe wa Karungu na Fuvu la Rusinga

Watu wa pwani wana majina zaidi ya moja kwa mnyama mwenye gamba. Atambaaye nchi kavu ni kobe. Aogeleaye baharini ni kasa. Na kasa yule ambaye magamba yake yalitafutwa kwa bei kubwa, yakafanywa vitana na mapambo, ni ng'amba. Lakini Kiswahili kilipopanda bara na kufika Ziwani kilikuta mnyama wa namna nyingine, akaaye katika maji yasiyo na chumvi, mwenye kujificha topeni na kuchomoza pua tu. Huyu hakupata jina lake peke yake. Mvuvi wa Musoma akimkuta wavuni humwita kobe wa maji, na neno limekwisha.

Wala wataalamu wa Ulaya hawakumshinda mvuvi huyo kwa mbali. Mmoja wa kobe wa maji wanaokaa katika Ziwa Viktoria, ambaye kwa jina la kitaalamu huitwa Pelusios williamsi, alipewa jina hilo mwaka 1965 tu. Kabla ya hapo alihesabiwa pamoja na ndugu zake wengine. Jambo la ajabu ni hili: jamaa zake waliokufa mamilioni ya miaka iliyopita, na ambao mifupa yao imegeuka jiwe katika kingo za Ziwa hilohilo, walikuwa wamekwisha kupewa majina nusu karne kabla yake. Wafu walitangulia kuandikwa; aliye hai alingoja.

Nia ya insha hii ni kueleza habari ya majina hayo ya wafu: jinsi yalivyotolewa, jinsi yalivyobadilishwa, na jinsi siku moja kilichoandikwa kuwa ni gamba la kobe kilivyoonekana kuwa ni kitu kingine kabisa. Habari yenyewe haiko mbali nasi. Mtu asimamaye Mukendo, mjini Musoma, akitazama upande wa kaskazini, anatazama Karungu, ingawa jicho halifiki. Ukipita Shirati na kuvuka mpaka wa Kenya umekwisha kufika. Safari yote kutoka Musoma si ndefu. Mbele ya Karungu, katika mlango wa ghuba iendayo Kisumu, viko visiwa vya Rusinga na Mfangano. Mpaka uliopo leo ni kazi ya wanadamu. Mifupa iliyolala pale ilikuwapo kabla ya mpaka, na hata kabla ya Ziwa lenyewe.

Mwaka 1909 mtafuta madini mmoja, G. R. Chesnaye, aliona mifupa iliyogeuka jiwe huko Karungu. Habari zikafika serikalini. Afisa wa wilaya, D. B. Pigott, akaenda kuokota mingine. Na mwaka 1911 afisa huyo akauawa na mamba Ziwani. Baadhi ya mifupa ilipelekwa London kwa mkono wa C. W. Hobley, aliyekuwa afisa mkubwa katika serikali ya wakati ule, ikatazamwa na Charles William Andrews wa Makumbusho ya Uingereza. Katika mwaka huohuo wa 1911 Andrews alitangaza kwamba mmojawapo wa wanyama wale alikuwa jamaa wa tembo, mwenye pembe zilizopinda chini kutoka katika taya la chini. Akamwita Deinotherium hobleyi. Pigott naye alikumbukwa baadaye kwa jina la mnyama mdogo wa jamii ya panya. Ndivyo yalivyo majina ya elimu hii: mtu huliwa na mamba, na jina lake likabaki katika jino la panya.

Habari hizo ziliwatamanisha wakuu wa Makumbusho, wakamtuma Dk. Felix Oswald aende kuchimba. Oswald alifika mwishoni mwa mwaka 1911, akafanya kazi yake hadi mwaka 1912. Ulikuwa wakati mzito. Malale yalikuwa yameua watu wengi mno katika pwani za Ziwa, na mahali pengi palikuwa pamehamwa. Kitabu alichokiandika baadaye juu ya safari yake kilitaja nchi ile kwa ugonjwa huo katika jina lake. Aliondoka na masanduku ya mifupa, na mwaka 1914 matokeo yakachapishwa: Oswald akaeleza tabaka za ardhi, Andrews akaeleza wanyama.

Katika wanyama hao kobe walikuwa wengi, kwa sababu gamba ni gumu na hudumu pale ambapo mifupa mingine imekwisha kusagika. Andrews alimpa mmoja jina la Testudo crassa, yaani kobe mnene, maana gamba lake lilikuwa nene kupita kawaida. Mwingine, wa jamii ya wale wenye gamba laini lifunikwalo na ngozi, alimwita Cycloderma victoriae, yaani Cycloderma wa Viktoria. Wa tatu alimlinganisha na kobe wa maji ambaye yeye mwenyewe alikwisha kumwelezea kutoka Misri.

Hapo inafaa tusimame kidogo. Jamaa wa Cycloderma wangaliko duniani, lakini hawamo Ziwani. Mmoja hukaa katika mito na maziwa ya kusini mwa Tanzania, Malawi na Msumbiji. Mwingine hukaa upande wa Kongo na Gaboni. Basi mfupa mmoja wa Karungu watueleza kwamba maji ya nchi hii hapo kale yalikuwa na wakazi ambao leo hatuwaoni ila mbali. Na lile neno "Viktoria" nalo lina kichekesho chake. Matabaka ya Karungu yana umri wa miaka yapata milioni 17 au 18. Ziwa Viktoria, kwa hesabu za wataalamu, halijatimiza hata miaka nusu milioni, na katikati ya umri wake huo lilikauka, likajaa tena. Kobe yule amepewa jina la ziwa ambalo hakuliona kamwe, nalo ziwa limepewa jina la malkia ambaye hakulitia mguu. Andrews hakuwa na njia ya kujua umri wa Ziwa. Jina likabaki, maana kanuni ya elimu hiyo ni kwamba jina la aina likishatolewa kwa utaratibu halifutwi kwa sababu tu halina maana nzuri.

Lakini kama jina la aina halifutwi, jina la ukoo huweza kubadilishwa, na hapo ndipo penye mashauri mengi. Kila mnyama ana majina mawili: la kwanza la ukoo, la pili la aina. Linnaeus alipoanza utaratibu huu katika karne ya 18, neno Testudo lilikuwa kama kapu kubwa: kobe wa kila namna walitiwa humo. Kadiri walivyozidi kujulikana, ndivyo kapu lilivyopunguzwa. Mwaka 1957 Arthur Loveridge na Ernest Williams, wa Chuo Kikuu cha Harvard, walichapisha kitabu kikubwa juu ya kobe na kasa wa Afrika. Loveridge hakuwa mgeni kwetu. Alipata kuwa mwangalizi wa makumbusho ya Nairobi, kisha akatumika Tanganyika katika idara ya wanyama wa porini. Na Williams ndiye yule ambaye jina lake limepewa kobe wa Ziwa letu. Wawili hao waliwatoa kobe wengi wa Afrika katika Testudo, wakawatia katika ukoo wa Geochelone. Na yule kobe mnene wa Karungu naye akafuata mkondo, akaandikwa Geochelone crassa katika orodha za baadaye. Hakuna hata mfupa wake mmoja uliobadilika. Kilichobadilika ni jirani aliowekwa kando yake.

Mfano ulio karibu zaidi na Tanzania ni wa Laetoli, kusini ya Olduvai, mahali palipovuma kwa nyayo za wanadamu wa kale zilizoonekana katika miaka ya 1970. Walioangalia nyayo walikuwa wengi. Walioangalia kobe walikuwa wachache, ingawa mabaki ya kobe yamejaa pale. Mwaka 1987 Peter Meylan na Walter Auffenberg waliwaelezea kobe hao, na mmoja wakamwita Geochelone brachygularis. Mwaka 2011 Terry Harrison, aliyeongoza uchimbaji mpya na kuyatazama tena mabaki ya zamani pamoja na yaliyopatikana baadaye, alimhamishia katika ukoo wa Stigmochelys. Ukoo huo ndio wa kobe mwenye madoa kama ya chui, ambaye hata leo mtu aweza kumwona akivuka njia Serengeti. Uhamisho huo si mchezo wa maneno. Jina la kwanza lilimweka yule wa kale katika kundi kubwa la kobe waliotawanyika Afrika na Asia. Jina la pili lasema kwamba ni wa nyumba moja na huyu atembeaye katika majani yetu. Aliyetoweka amepewa jamaa walio hai.

Hadi hapa tumesema juu ya kobe aliyehama ukoo akabaki kobe. Sasa tuje kwenye kobe ambaye hakuwa kobe.

Mwaka 1933 Arthur Tindell Hopwood wa London alitoa jina la Proconsul kwa nyani mkubwa wa kale asiye na mkia, ambaye mabaki yake yalipatikana Koru, magharibi ya Kenya. Wakati ule palikuwa na sokwe wa maonyesho aliyeitwa Consul, aliyependwa sana na watazamaji wa Ulaya. Hopwood kwa mzaha akasema kwamba huyu wa Koru ndiye aliyemtangulia Consul, na mzaha ukaingia katika vitabu vya elimu.

Tarehe 2 Oktoba 1948, katika kisiwa cha Rusinga, Mary Leakey aliona jino likichomoza katika mteremko. Nyuma ya jino palikuwa na taya, na nyuma ya taya uso. Lilikuwa fuvu la nyani wa ukoo huo, la kwanza kupatikana likiwa na sura. Mwezi huohuo alilipeleka Uingereza kwa ndege, likakabidhiwa Wilfrid Le Gros Clark wa Oxford, na mwaka 1951 yeye na Louis Leakey wakachapisha maelezo yake. Lakini fuvu lilikuwa na upungufu: sehemu kubwa ya nyuma haikuwapo. Uso ulijulikana, chombo cha ubongo hakikujulikana kimo chake. Basi kwa miaka zaidi ya 30 wataalamu waliendelea kubishana juu ya akili ya mnyama ambaye ubongo wake haukuweza kupimwa.

Vipande vilivyokosekana havikuwa vimepotea. Vilikuwa vimekwisha kuokotwa mwaka 1947, mwaka mmoja kabla ya fuvu, mahali palepale, vikapelekwa Nairobi, vikawekwa katika droo pamoja na mabaki ya kobe. Si vigumu kuelewa kosa lile. Mfupa wa kichwa ukivunjika huwa kibamba chembamba, kilichopinda kidogo, chenye mishono pembeni; na gamba la kobe likivunjika huwa vivyo hivyo. Tena Rusinga, kama Karungu, ni nchi ya kobe: katika vibamba mia vya namna hiyo, mtu akisema vyote ni vya kobe hatakosea ila mara chache sana. Mara moja kati ya hizo chache ilikuwa hii.

Aliyevitambua ni Martin Pickford, alipokuwa akipekua mikusanyo ya zamani katika makumbusho ya Nairobi. Vipande vikaunganishwa na fuvu, na mwaka 1983 Alan Walker, Dean Falk, Richard Smith na Pickford mwenyewe wakatangaza kipimo: ubongo ulikuwa na ujazo wa sentimita za mchemraba 167 hivi. Kwa mnyama wa kilo kama 10, walisema, huo haukuwa ubongo mdogo. Ulizidi ule wa tumbili wa leo wenye mwili kama wake. Na hilo halikuwa pato pekee la upekuzi ule. Mifupa mingine ya mnyama wa namna hiyohiyo, iliyochimbwa Rusinga mwaka 1951 na Thomas Whitworth, nayo ilionekana katika makabati ikiwa imechanganyika na ya wanyama wengine. Mkono uliokwisha kujulikana ukapata mguu. Jembe halikuinuliwa wala mlima haukuchimbwa. Macho tu yalirudi mahali palipokwisha kutazamwa.

Nasi tujiulize: kosa lile la mwaka 1947 lilikuwa na uzito gani? Kwa upande mmoja lilikuwa zito, maana lilichelewesha elimu kwa miaka zaidi ya 30. Kwa upande mwingine lilikuwa kosa jepesi kuliko yote yawezayo kufanywa, kwa kuwa liliponyeka. Aliyeandika "kobe" alikosea jina, lakini hakukosea mahali. Kipande kilihifadhiwa pamoja na habari ya wapi na lini kilipookotwa, na kwa habari hiyo kikaweza kurudishiwa kichwa chake. Laiti kama angalikijua ni cha nyani, lakini akakiweka bila kuandika kilikotoka, ujuzi wake usingalitufaa kitu. Kukosa jina ni ajali ya elimu. Kukosa mahali ni mauti yake.

Fuvu lenyewe lilikuwa na safari nyingine ya kurudi. Lilipelekwa Uingereza kwa azima, lakini miaka ikapita, na azima ikikaa sana huanza kufanana na zawadi. Kenya ilipolidai, ilibidi itolewe barua ya zamani kuthibitisha kwamba halikutolewa moja kwa moja. Ndipo likarudi Nairobi. Sisi wa Tanzania tuna habari ya kulinganisha. Fuvu la Olduvai lililoonekana tarehe 17 Julai 1959, likaitwa Zinjanthropus kwa kufuata jina la kale la pwani yetu, lilirudishwa Dar es Salaam mwaka 1965. Jina lake la ukoo tangu hapo limebadilishwa zaidi ya mara moja, na lile neno Zinj wataalamu wameliweka kando. Lakini fuvu liko katika nchi lilimotoka. Afadhali kupoteza jina na kubaki na kitu, kuliko kubaki na jina tu katika vitabu vya wengine.

Na majina ya Rusinga nayo hayakutulia. Mwaka 1993 Walker na wenzake walitoa jina la aina heseloni kwa nyani yule mdogo wa Rusinga, kwa heshima ya Heselon Mukiri, Mkenya aliyefanya kazi na akina Leakey miaka mingi na ambaye jicho lake liliona mengi yaliyoandikwa kwa majina ya wengine. Mwaka 2015 wataalamu, wakiwamo Fredrick Manthi na Emma Mbua wa Kenya, walipima upya tofauti za nyani wa visiwa vile na wale wa Koru, wakaona hawafai kuwa ukoo mmoja. Wale wa visiwani wakapewa jina jipya la ukoo, Ekembo, lililotwaliwa katika Kisuba, lugha ya watu wa Rusinga na Mfangano. Na Wasuba tunao hata katika mkoa wetu wa Mara. Hivyo mnyama aliyeanza kwa jina la sokwe wa maonyesho sasa anaitwa Ekembo heseloni: neno la Kisuba na jina la mchimbaji Mwafrika. Uso ni uleule ulioonekana mwaka 1948, na nyuma yake vimo vile vipande vilivyopata kuitwa kobe.

Msomaji asidhani kwamba kwa kueleza haya tunataka kuwadhihaki wataalamu wabadilishao majina. Wako watu husema, "Ikiwa leo ni Testudo, kesho ni Geochelone, keshokutwa ni jina jingine, basi hawajui wasemalo." Hilo ni neno la haraka. Elimu isiyobadilisha jina ni ile isiyorudi kutazama. Kabati la makumbusho si kaburi la vitu vilivyokwisha kuamuliwa. Ni baraza ambapo shahidi huweza kuitwa tena na kuulizwa swali ambalo hakimu wa kwanza hakulifikiri. Shahidi huyo akitupwa kwa kuwa kesi imekwisha, hukumu ya kwanza itabaki milele, iwe ya haki au ya dhuluma.

Jambo hili latuhusu hata sisi tusioshika nyundo ya mchimbaji. Mwanafunzi wa lugha akiandika neno kijijini kwa mzee wa Kijita au wa Kikurya, aweza kukosea maana yake, na mwenzake atakuja kumsahihisha. Lakini asipoandika ni mzee wa mahali gani na mwaka gani, hakuna awezaye kumsahihisha. Amekiweka kipande katika droo isiyo na kibandiko. Na kijana wa Bunda au Butiama akichimba msingi au kisima akaona jiwe lenye sura ya mfupa, asilivunje kutazama ndani, wala asilichukue nyumbani likawe la kuzuia mlango. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yataka litolewe habari, na zaidi ya sheria, akili yataka hivyo. Huenda ni kobe tu. Lakini tumekwisha kuona kwamba lile neno "kobe tu" ndilo lililofunika kichwa cha Rusinga kwa zaidi ya miaka 30.